Kwa nini Star Citizen haiishi kutengenezwa, na je, uingie sasa?

Msomaji ameniandikia hivi kuhusu Star Citizen, gemu ya anga ya mtandaoni ambayo bado inajengwa: "Nimekuwa nikiifuatilia Star Citizen kwa miaka. Kila baada ya miezi michache linatoka toleo jipya, lakini bado wanaiita Alfa, yaani toleo la majaribio lisilokamilika. Kuna wakati pesa na vifaa vya wachezaji hufutwa vyote. Hitilafu iliyokwisha kurekebishwa inarudi katika toleo linalofuata. Wenzangu wanasema ni utapeli mtupu. Kama EVE Online, Elite Dangerous na No Man's Sky zilitoka na watu wanazicheza, hii imeshindwa nini? Na je, niingie sasa au nisubiri?"

Tuanze na hilo neno utapeli, maana tukiliacha hapo katikati hatutasikilizana. Tapeli huchukua pesa akatokomea. Star Citizen unaweza kuipakua leo, ukaamka kitandani kwenye chumba cha mjini, ukapanda treni hadi bandari ya vyombo, ukaita chombo chako, ukaruka, ukaiacha hewa ya sayari chini yako na kuvuka anga hadi kwenye mwezi mwingine bila skrini kukatika hata mara moja. Kazi yangu ni kuandika programu za seva, zile kompyuta za katikati zinazowaunganisha wachezaji, na ninapoliona hilo likitokea huku mamia ya watu wengine wakiwa humo humo, najua ni jasho kiasi gani limemwagika kulifanikisha. Hata hivyo, kutokuwa utapeli hakuifanyi iwe haina lawama. Ucheleweshaji wake una vyanzo viwili: ugumu halisi wa kazi yenyewe, na maamuzi ya wenye kazi. Ukiweza kuvitenganisha hivi viwili, utajua mahali pa kuvumilia na mahali pa kufunga pochi.

Mradi huu ulitangazwa na mbunifu wa gemu Chris Roberts Oktoba 2012, na mwaka 2014 ndio uliotajwa kuwa wa kuukamilisha. Pesa ziliombwa moja kwa moja kwa wachezaji. Ilipofika Novemba 2012 michango ilikuwa imeshapita dola milioni 6, na kufikia 2022 ilikuwa imevuka dola milioni 500. Katika miaka ya mwanzo kila michango ilipofikia kiwango fulani, jambo jipya liliongezwa kwenye ahadi. Gemu iliyoahidiwa mwaka 2012 na ile inayojengwa leo ni kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ilikuwa ya vyombo kupigana na kufanya biashara, na sayari zilikuwa mahali pa kutua kwenye vituo vichache vilivyoandaliwa. Ya leo inataka utue popote kwenye uso wa sayari, ushuke kwa miguu, uingie pangoni na utoke na mawe.

Sasa nije kwenye swali lako la nyingine zimewezaje. Jibu langu ni kwamba kila gemu ya anga iliyofika sokoni ilikubali kuacha kitu kikubwa. Hapo ndipo siri yote ilipo.

Angalia EVE Online. Ilitoka Mei 2003, inatengenezwa na CCP Games ya Iceland, na wachezaji wake karibu wote wanaishi katika ulimwengu mmoja, si nakala nyingi za ulimwengu. Katika vita vya Januari 2014 kwenye eneo liitwalo B-R5RB, zaidi ya watu 7,500 walishiriki kwa muda wa saa 21 hivi, na vyombo 75 vya Titan, daraja la vyombo vikubwa kabisa, viliteketezwa. Inawezekanaje? Kwa sababu katika EVE huendeshi chombo kwa mkono. Unakiamuru: kizunguke kile, kikimbilie kule, kimpige yule. Seva hupiga hesabu ya mwendo mara moja kwa sekunde, na kwa amri za namna hiyo sekunde moja inatosha. Hata hivyo watu wakizidi seva hulemewa, kwa hiyo mwaka 2012 CCP waliingiza mbinu ya kupunguza kasi ya saa. Mzigo ukiwa mkubwa, saa ya eneo hilo hupungua hadi asilimia 10 ya kawaida, yaani sekunde moja ya gemu inachukua sekunde kumi za kweli. Vita vinakuwa vya polepole sana, ila havivunjiki na hakuna anayeonewa na seva. Ubaya ni kwamba maeneo ya jirani yanaendelea na saa ya kawaida, hivyo wapiganaji wa akiba wanaosafiri kutoka mbali wanafika mapema kuliko wangefika kama saa zingelingana. CCP walikubali kasoro hiyo. Waliacha urubani wa mkono ili wapate umati.

Elite Dangerous ya Frontier Developments ilifanya kinyume. Ilitoka Desemba 2014, na inakupa usukani kweli kweli, ndani ya galaksi yetu iliyochorwa kwa kipimo chake halisi, yenye mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Lakini kompyuta za wachezaji waliokutana mahali pamoja huzungumza zenyewe kwa zenyewe, na mahali pamoja huingia makumi machache tu ya watu. Galaksi ni ya wote, ila anayekuzunguka ni kikundi kidogo. Waliacha umati ili wapate urubani na ukubwa.

No Man's Sky ilitoka Agosti 2016 ikiwa na sayari zaidi ya kwintilioni 18, ambazo ni mbili kuzidishwa yenyewe mara 64. Kucheza pamoja kwa maana halisi kulikuja Julai 2018, na mwanzoni kulikuwa kwa watu wanne. Sayari zake hazizunguki jua. Wengi hawajawahi kuligundua hilo, na huo ni ushahidi kwamba watengenezaji walichagua vizuri kitu cha kuacha.

Star Citizen imekataa kuacha chochote. Inataka usukani wa mkono, inataka umati, inataka mfumo wa jua mzima bila skrini ya kusubiri, inataka watu watembee ndani ya chombo kinachopaa, na inataka chupa uliyoitupa sakafuni uikute hapo hapo kesho. Kila moja ya hizo peke yake ina ufumbuzi unaojulikana. Tatizo ni kwamba ufumbuzi wa moja huvunja ule wa nyingine. Nikuonyeshe kwa karibu, ili usiniamini kwa maneno matupu.

Chukua namba. Injini nyingi za gemu, yaani programu za msingi ambazo gemu hujengwa juu yake, hutunza mahali kitu kilipo kwa namba za biti 32. Namba hizo zina tarakimu saba hivi za kuaminika, basi. Ukiwa kilomita 10 kutoka katikati ya ramani, hatua ndogo kabisa ambayo namba hiyo inaweza kuipima ni milimita moja, na hapo hakuna shida. Ukifika kilomita 1,000, hatua inakuwa sentimita 6. Hapo vidole vya mhusika wako vinaanza kurukaruka, bunduki inatetemeka mkononi, na mlango unakaa pembeni ya fremu yake. Ukifika kilomita milioni 150, ambao ndio umbali wa dunia kutoka kwenye jua, hatua ndogo kabisa ni mita 16,384. Maana yake, kompyuta haiwezi kutofautisha chombo chako na kingine kilichoko kilomita kumi na tano mbali nacho. Star Citizen ilianzia kwenye CryEngine, injini iliyobuniwa kwa gemu za kupigana kwa bunduki kwenye ramani za kilomita chache. Ilibidi hesabu za mahali zihamishiwe kwenye biti 64, ambapo kwa umbali ule ule wa jua hatua ndogo kabisa ni sehemu tatu za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele.

Ukilisema hivi linaonekana jepesi: badilisha 32 iwe 64. Lakini kadi za michoro bado hufanya kazi kwa haraka kwenye biti 32, kwa hiyo lazima kila kitu kipimwe upya kutoka kwenye jicho la mchezaji kabla ya kuchorwa: toa mahali pa jicho kwa biti 64, kisha pata tofauti ndogo, kisha uikabidhi kadi. Na kila sehemu ya injini iliyowahi kuandikwa kwa dhana kwamba ulimwengu ni mdogo, kuanzia sauti na vivuli hadi akili ya maadui na migongano, inabidi ipekuliwe mstari kwa mstari. Miaka ya kwanza ya mradi iliishia humo, na ni kazi isiyo na picha ya kumwonyesha mnunuzi. Mashabiki waliona kimya. Kwangu mimi hiyo ilikuwa miaka iliyotumika vizuri, kwani toleo la Alfa 2.0 la Desemba 2015 lilikuwa mara ya kwanza kwa wachezaji kuruka katika eneo kubwa kweli kweli wakiwa pamoja.

Sasa mweke mtu ndani ya chombo. Rafiki yako ndiye rubani, wewe umesimama nyuma kwenye mlango wa mizigo. Chombo kinageuka kichwa chini na kuongeza kasi, wewe unatembea kana kwamba uko sebuleni. Ili hilo liwezekane, ndani ya chombo pamefanywa kuwa ulimwengu mdogo unaojitegemea, wenye mvutano wake na upande wake wa chini, nao umebebwa ndani ya ulimwengu mkubwa. Ukivuka mlango kuingia anga tupu, ni lazima utolewe kwenye ulimwengu mdogo na kuwekwa kwenye ule mkubwa papo hapo, ukiwa na kasi sahihi, mwelekeo sahihi na hewa sahihi. Ukishawahi kusikia mchezaji akilalamika kwamba alitumbukia kupitia sakafu ya chombo chake akabaki anaelea, mara nyingi ni pale kwenye mpaka ndipo alipopotea. Programu moja ilidhani ameshatoka, nyingine ikadhani bado yumo.

Kisha ongeza mtandao. Mwanga ndani ya nyuzi za intaneti husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 10,000 kutoka kwako, kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde hata kama vifaa vyote njiani vingekuwa vikamilifu, na haviwi. Chombo kinachokwenda mita 200 kwa sekunde kitakuwa kimesogea mita 20 katika muda huo, yaani unapokiona puani mwako, kimeshapita. Kwa hiyo kompyuta yako hukisia. Inachukua mahali na kasi vilivyoripotiwa mwisho, inakisogeza chombo cha adui mahali kinapopaswa kuwa sasa, kisha taarifa mpya ikifika inarekebisha taratibu usione mruko. Anga ina faida hapa, kwa sababu kitu kilicho kwenye mwendo huendelea na mwendo wake. Lakini vyombo vya Star Citizen vinaweza kusukuma kila upande, juu, chini na pembeni, na rubani mzuri hubadilisha mwelekeo kila nusu sekunde kwa makusudi ili usimkisie.

Na umati wenyewe una hesabu yake. Wachezaji 100 wakionana wote, kila mmoja anahitaji habari za wenzake 99, jumla taarifa 9,900 kwa kila mzunguko wa seva. Wakiwa 1,000, jumla ni 999,000. Watu wameongezeka mara kumi, mzigo umeongezeka mara mia. Ndiyo maana kununua seva yenye nguvu zaidi hakujawahi kuwa jibu.

Hapa tumefika kwenye kiini cha miaka ya karibuni, na ndipo ningependa usome kwa utulivu.

Ulimwengu unaozalishwa kwa fomula ni rahisi ajabu kuutunza. Gemu ya Elite ya mwaka 1984, ya David Braben na Ian Bell, iliweka galaksi nane zenye nyota 256 kila moja kwenye kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Hakuna nyota iliyohifadhiwa humo. Kulikuwa na namba chache za kuanzia, na hesabu iliyozaa majina, bei na mahali pa kila nyota pale tu zilipohitajika. No Man's Sky na Elite Dangerous zinatumia wazo hilo hilo kwa ukubwa zaidi. Nyota bilioni moja zinaweza kukaa ndani ya fomula moja. Lakini mchezaji akiokota jiwe na kuliweka mezani, fomula hailijui. Jiwe hilo sasa ni lazima liandikwe mahali: liko wapi, la nani, limeegemea nini, limepasuka kiasi gani. Nyota ni za bure, jiwe ndilo la gharama.

Star Citizen iliamua kuyaandika mawe yote. Toleo la Alfa 3.18 la Machi 2023 ndilo lililoleta mfumo huo: kila kitu, pamoja na mabaki ya chombo kilicholipuka na chupa iliyoachwa njiani, kikawa na kumbukumbu yake kwenye hifadhidata, kikaunganishwa na kile kilichokibeba. Kofia imo kichwani, kichwa ni cha mtu, mtu yumo kwenye kiti, kiti kimo kwenye chombo, chombo kimo kwenye ghala, ghala liko kwenye kituo. Ukikata uzi mmoja kwenye mnyororo huo, chombo chote hakifunguki. Na kweli, wiki za kwanza za 3.18 zilikuwa mbaya: watu walishindwa kuingia, vyombo vilikwama, na foleni zikarefuka. Mfumo ulikuwa umejaribiwa na wachezaji wachache kwanza, lakini hifadhidata haikuonyeshi udhaifu wake mpaka watu wote wafike siku moja na kuanza kuacha taka kila mahali.

Kwa nini wateseke hivyo kwa ajili ya chupa? Kwa sababu ndiyo njia pekee ya kufika kwenye hatua inayofuata, ambayo ni kuunganisha seva. Zamani seva moja ilibeba mfumo wa jua wote pamoja na kila mtu aliyemo. Ikianguka, kila kitu ndani yake kinakufa. Wazo jipya ni kwamba hali ya ulimwengu isikae kwenye seva bali kwenye hifadhidata ya pembeni, na seva ziwe vibarua: hii inasimamia sayari hii na miezi yake, ile inasimamia kituo kile. Seva moja ikianguka, nyingine inachukua zamu yake na kusoma hali kutoka kwenye hifadhidata. Bila kuandika mawe yote, hakuna cha kusoma.

Fikiria risasi inayotoka eneo la seva ya kwanza na kuingia eneo la seva ya pili, ambako inampata mtu. Nani ana haki ya kusema imempata? Seva ya kwanza ndiyo inayomjua mpigaji na imeihesabu risasi tangu ilipotoka. Seva ya pili ndiyo inayomjua mlengwa na inajua kama ameshainama. Saa zao hazilingani kabisa kabisa. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba kila kitu kiwe na bwana mmoja kwa wakati mmoja, na seva nyingine zipate nakala ya kutazama tu. Kitu kikivuka mpaka, ubwana unahamishwa. Sasa chombo kikubwa chenye watu ishirini, vitu elfu kadhaa ndani yake na injini inayowaka moto kikivuka mpaka, vyote hivyo vinahama bwana pamoja, na kitu kimoja tu kikibaki nyuma una mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho hakipo. Huo ndio ugumu. Na huwezi kuumaliza kwa kuajiri watu wengi zaidi, kwa sababu ni tatizo la mpangilio.

Desemba 2024 toleo la Alfa 4.0 lilitolewa kwanza kama la majaribio kwa wote, likiwa na mfumo wa pili wa nyota, Pyro, unaofikiwa kutoka ule wa kwanza, Stanton, kwa kupita kwenye mlango wa anga, na seva kadhaa zikishirikiana kubeba mamia ya watu katika ulimwengu mmoja. Kwangu mimi hilo ndilo toleo muhimu kuliko yote yaliyotangulia, na nasema hivyo nikijua lilivyokuwa na hitilafu tele. Kwa mara ya kwanza lile jambo ambalo watu wengi wa fani walisema halitatoka nje ya karatasi lilikuwa linafanya kazi mbele ya wachezaji wa kawaida. Kilichobaki nacho ni kikubwa. Mgawanyo wa 4.0 ni wa kudumu: mipaka ya seva imechorwa mapema. Wachezaji wote wakikusanyika kwenye kituo kimoja, seva ya kituo hicho inalemewa huku jirani zake zimekaa bure. Hatua inayofuata ni mipaka inayojichora yenyewe kufuata umati, na hiyo ni ngumu kuliko ya kwanza.

Kuhusu kufutiwa pesa na vifaa: muundo wa kumbukumbu ukibadilika kama ulivyobadilika kwenye 3.18, kuhamisha rekodi za zamani kunaweza kuwa kazi kubwa kuliko kuanza upya, na rekodi mbovu moja huambukiza nyingine. Sababu ya pili ni uchumi. Mtu akigundua njia ya kunakili mzigo, baada ya wiki kuna matajiri ambao hawakuchimba wala kusafirisha chochote, na bei zote hazina maana tena. Uchumi wa gemu ni jambo zito kiasi kwamba CCP mwaka 2007 waliajiri mchumi mwenye shahada ya udaktari kuusimamia ule wa EVE. Vitu vilivyonunuliwa kwa pesa halisi katika Star Citizen hubaki. Vile ulivyovichuma ndani ya gemu vichukulie kama vya kuazima mpaka watakapotangaza toleo la 1.0, yaani toleo rasmi lililokamilika.

Na hitilafu zinazorudi? Timu nyingi hufanya kazi kwenye nakala tofauti za programu kwa wakati mmoja, kisha nakala zinaunganishwa. Lifti iliyorekebishwa kwenye nakala moja hukutana na mfumo mpya wa milango kutoka nakala nyingine, na marekebisho yanapotea au hayatoshi tena. Mara nyingine hitilafu unayoiona ni ile ile kwa macho lakini mzizi wake ni mpya. Lifti hazifiki, ndiyo, lakini safari hii ni kwa sababu seva inayoimiliki lifti si ile inayokumiliki wewe. Lakini mradi unaoongeza vitu vipya bila kusimama utakuwa na hitilafu nyingi kuliko inavyostahili, na hilo ni uamuzi wa watu. Mwishoni mwa 2024 Roberts mwenyewe aliahidi kwamba 2025 ungekuwa mwaka wa kutuliza gemu kwanza. Ahadi hiyo ingekuja miaka mitano mapema, wachezaji wengi waliokata tamaa wangekuwa bado wapo.

Basi nigeukie lawama, maana nimetetea vya kutosha. Makosa ninayoyaona ni mawili. Kwanza ni kutaja tarehe za kazi ambazo hakuna aliyewahi kuzifanya. Mwaka 2014 ulipita, ikafuata miaka mingine, na Squadron 42, ambayo ni hadithi ya mchezaji mmoja inayotengenezwa sambamba, ilitangazwa Oktoba 2024 kuwa ni ya 2026. Mhandisi akiulizwa kazi asiyoijua itachukua muda gani, jibu la haki ni kusema hatua inayofuata ni ipi, aachane na mwaka. Pili, na hili ndilo linaloniudhi hasa, ni kuuza vyombo ambavyo bado ni michoro, vingine kwa mamia ya dola. Kila chombo kilichouzwa ni deni. Deni likiwa kubwa, wabunifu wanageuzwa kuwa walipa deni: wanajenga kilichouzwa kabla ya kujenga kinachohitajika. Ukiona gemu ina vyombo zaidi ya mia na lifti isiyofika, umeliona deni hilo kwa macho.

Kuna dalili moja iliyonipa moyo. Katika mkutano wao wa Oktoba 2024 watengenezaji wa Star Citizen walieleza toleo la 1.0 kuwa litakuwa na mifumo mitano ya nyota, wakati ahadi ya zamani ilizungumzia mia moja. Wapo waliokasirika sana. Mimi niliona kwamba hatimaye wamekubali kuacha kitu, na gemu inayokubali kuacha kitu inaweza kufika.

Sasa uingie au usubiri? Kuna siku maalum za kuijaribu bila malipo, ambazo hutangazwa mara kadhaa kwa mwaka. Anza na hizo. Hakikisha kompyuta yako ina hifadhi ya aina ya SSD, kwa sababu gemu husoma ulimwengu kutoka kwenye diski wakati unaruka, na diski ya kuzunguka haiwezi kuifuata hata ukiwa na kadi nzuri ya michoro. Kumbukumbu ya gigabaiti 32 itakupa raha kuliko 16. Ukiipenda, nunua kifurushi cha bei ya chini kabisa na usinunue kingine. Karibu kila chombo kinachoruka leo kinaweza kununuliwa kwa pesa za ndani ya gemu, na kukifanyia kazi ndiyo sehemu kubwa ya utamu wenyewe. Chombo ambacho hakijajengwa usikilipie hata senti.

Na kama una muda mchache wa kucheza, jioni moja kwa wiki, basi subiri. Jioni hiyo moja ikiangukia kwenye siku ambayo seva zimelemewa, utakuwa umepoteza wiki yako. Elite Dangerous itakupa urubani ulio safi na uliotulia leo hii, na EVE itakupa watu. Kila toleo jipya la Star Citizen likitoka, ruka juu ya orodha ya vyombo vipya na usome sehemu inayohusu seva: zinabeba watu wangapi pamoja, zinaanguka mara ngapi, zikianguka unarudi ulipokuwa au unaanza upya. Watakapotangaza kwamba mipaka ya seva inajichora yenyewe, na wachezaji wakathibitisha baada ya mwezi mmoja kwamba ni kweli, siku hiyo niandikie tena, nitakuambia ingia.